Ukipata ramani ya zamani ya Ngomeni, anza hivi

Nimevuta mnyororo miaka 26. Wapimaji ardhi walikuja na chombo chao cha miguu mitatu, na sisi vibarua wao tukaingia vichakani na utepe wa chuma, maana mnyororo wenyewe ulikwisha zamani, lililobaki ni jina tu. Mmoja anashika kijiti cha nyekundu na nyeupe, mwingine anapiga kelele: kushoto kidogo, rudi, hapo hapo. Ukishashika mwisho wa utepe miaka yote hiyo, ramani haiwi tena picha ya kutundika ukutani. Unaanza kuuliza nani aliyetoka jasho, na nani aliyemtuma.

Siku hizi watoto wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, hunijia na simu. "Babu, hebu tazama, hii ramani ya Ngomeni ya zamani. Nyumba yetu iko wapi?" Nawaambia hilo ni swali la mwisho. Naandika hapa maswali yanayotangulia. Nimetumia Ngome ya Yesu ya Mombasa kwa kuwa ndiyo niijuayo kwa nyayo zangu, lakini hatua ni zile zile ukiwa na ramani ya Kilwa au Lamu.

Mchoraji alimwogopa nani?

Kabla hujatazama mstari hata mmoja, tafuta jina la mchoraji na mwaka, kisha uliza mwaka ule alikuwa akimwogopa nani. Ramani ya jeshi haichorwi na mtu aliyelala usingizi mnono.

Chukua ile ya 1635, kwenye mkusanyo wa ngome za Wareno ambao António Bocarro aliuandikia maelezo na Pedro Barreto de Resende akauchorea. Miaka minne tu nyuma, Agosti 1631, Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa, makao ya Wareno huko India, na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni na kumwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Wareno waliipata tena ngome mwaka uliofuata, Yusuf alipoiacha na kwenda zake baharini. Kwa hiyo unachotazama ni kazi ya watu wenye donda bichi. Ukitaka kuyasikia majivuno yao wenyewe, simama langoni usome jiwe la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, la 1639: ameorodhesha kila aliyemwadhibu, Pate, Siyu, Pemba, mpaka watu wa bara.

Mchoro wa José Lopes de Sá ni wa 1728. Mwaka huo Wareno walikuwa wamerudi Mombasa baada ya miaka 30 ya kufukuzwa, na 1729 wakatolewa tena, safari hii moja kwa moja. Huyo anapima kuta za nyumba aliyoipora mara ya pili, na unamwona anajali zaidi ndani kuliko nje.

Halafu kuna wapimaji wa kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza, na merikebu zao Leven na Barracouta. Owen alifika Februari 1824 akakuta Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wameshapandisha bendera ya Kiingereza juu ya ngome, kwa kumkimbia Seyyid Said wa Omani. Hao Waingereza ngome haikuwashughulisha sana. Walitaka kujua merikebu itapita wapi isipasuke. Luteni Reitz, aliyeachwa kuwa mkuu wa mji, akafa mwaka ule ule, na jina lake bado liko kwenye ramani zetu: Port Reitz. Owen alifanya ya kwake, London ikakataa, na 1826 bendera ikashuka.

Watu watatu, kisiwa kimoja, na hofu tatu mbali mbali. Ukiziweka ramani zao pamoja usishangae kuona hazifanani.

Karatasi yenyewe

Usifanye kazi na picha ya simu. Tafuta faili kubwa, ambayo ukiikuza herufi hazigeuki ukungu. Kazi ya Bocarro na Resende iko maktaba ya umma ya Évora huko Ureno, na nakala ya Resende iko British Library, London. Hapa nyumbani, Ngomeni kwenyewe pana maktaba ya makumbusho. Nenda kwa adabu, sema unachotaka, na ubebe penseli, si kalamu ya wino.

Chapisha nakala mbili. Moja iwe safi, isiguswe. Ya pili ndiyo ya kuchorachora, na hiyo itiwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa maana jasho la Mombasa halina heshima.

Sasa hapa nitajisema mwenyewe. Mwaka niliostaafu nilikuwa na mchoro wa karne ya 19, chini yake umeandikwa: inchi moja ni futi 200. Nikaupeleka duka la kuchapisha. Kijana akaona haienei kwenye karatasi, akaipunguza, wala hakuniambia. Nikatoa rula, nikapima kutoka pembe ya buruji, ile sehemu ya ngome iliyotokeza penye kona kwa ajili ya mizinga, hadi alama ya kisima, nikazidisha kwa 200, nikahesabu hatua zangu kwenye vichochoro kama mwendawazimu, nikaishia mbele ya mlango wa watu.

Hodi.

"Karibu. Nani?"

"Samahani mama, natafuta kisima."

"Kisima? Maji ya mfereji yamekatika tangu juzi, baba. Hata mimi nakitafuta."

Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi. Pembeni palikuwa na kimstari kilichogawanywa vipande, ile skeli ya kuchorwa. Nikakipima: inchi moja ya kwenye karatasi yangu ilikuwa futi 250, si 200. Karatasi inaponywea, kimstari hunywea nayo, lakini maneno hayanywei. Tangu siku ile maneno siyaamini kabla sijayapima kwenye kimstari. Kama ramani yako haina kimstari, pima upande wa ngome ambao bado umesimama, kisha hesabu kinyumenyume.

Na ujue hatua yako. Nenda mahali penye mita 100 za uhakika, tembea mwendo wako wa kila siku, hesabu, rudi tena. Mimi ni hatua 134. Mjukuu wangu ni 141 akiwa na viatu vya shule, zaidi akiwa na ndara.

Braça si pima

Ramani za Wareno hupima kwa palmo na braça. Palmo ni kama sentimita 22, sawa na shibiri yetu tu. Braça ni palmo 10, yaani mita 2.2. Mara nyingi utakuta mtu ameitafsiri braça kuwa pima, kwa sababu zote mbili ni mikono iliyonyooshwa, na pima ya baharini ni mita 1.83. Tofauti ni sentimita 37. Ni kidogo kwa nguo ya doti, lakini kwa braça 100 ni mita 37, na katika Mji wa Kale mita 37 ni vichochoro viwili na ugomvi wa jirani.

Kaskazini ipo msikitini

Usidhani juu ya karatasi ni kaskazini. Wachoraji wengi wa zamani waliigeuza karatasi kwa namna waliyouona mji wakiwa ndani ya chombo, bahari chini na bara juu. Tafuta waridi la dira au mshale. Ukiupata, bado usiufunge kitabu: sindano ya dira haielekei kaskazini halisi, na mwelekeo wake huhama kadiri miaka inavyopita. Mshale wa 1824 na dira ya leo haviwezi kusema neno moja.

Mombasa tuna bahati ambayo miji mingi haina. Makka iko karibu kaskazini sawasawa kutoka kwetu. Longitudo zetu zinapishana kwa chini ya digrii moja. Ndiyo maana mabaharia wetu waliita kaskazini kibla, na kusini suheli. Basi kila msikiti wa Mji wa Kale ni dira ya mawe. Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ni wa 1570, ulikuwepo kabla ya ngome kuanza kujengwa. Kwenye mchoro mzuri wa jeshi utaona jengo la pembe nne lenye kinundu kidogo upande mmoja. Kinundu hicho ni mihrabu, na mihrabu inatazama kibla. Ilinganishe na mshale wa mchoraji. Misikiti ya zamani hupinda digrii chache huku au kule, lakini ikipishana na mshale kwa robo duara, aliyekosea ni mwenye mshale.

Majina yasome kwa sauti

Mreno aliandika alichosikia, kwa herufi zake. Ç ni s: Mombaça. Qu ni k: Quiloa ni Kilwa. X ni sh: xeque ni shehe. C mbele ya a, o, u ni k, kwa hiyo Macupa haikusumbui. Yale yasiyokubali kutambulika kwa macho, yatamke kwa nguvu mbele ya mtu mzima wa mahali pale, tena mara tatu. Kwenye jiwe la Seixas pana "Otondo". Nililitazama jina hilo miaka, hadi shangazi yangu aliponisikia nikilisoma akasema, "Si Utondwe hiyo?"

Majina yetu yenyewe nayo ni vipimo. Kilindini ni penye kilindi. Mwenye mji alikuwa ameshapima maji kabla bildi ya Owen, ile risasi ya kupimia kina, haijazama. Na neno gereza, wataalamu wengi wa lugha wanasema limetoka kwa igreja, kanisa la Wareno. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, neno likahamia kwenye ngome nzima, kisha Waingereza wakaifanya ngome jela tangu 1895 hadi 1958, neno likakaa hapo hapo. Kwa hiyo ukikuta "gereza" kwenye maandishi ya Kiswahili ya zamani, usikimbilie kuwaza wafungwa.

Ngome: fuata jicho la mzinga

Hapa ndipo pa kutulia. Acha karatasi ya vichochoro, shika mchoro wa ngome peke yake.

Aliyeipanga ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno wa Goa, na ujenzi ulianza 1593. Watu hupenda kusema kwamba ukiitazama kutoka juu ni kama mtu aliyelala chali, kichwa baharini. Sawa, lakini Cairati hakuwa akichora mtu. Alikuwa akichora mahali pa kusimama mizinga ili pasibaki hata kipande cha ukuta ambacho adui atajibanza.

Chukua penseli. Zitafute buruji nne za pembeni: S. Filipe na S. Alberto zinatazama bara, S. Matias na S. Mateus zinatazama bahari. Sasa tazama buruji mbili za bara. Pande zake zinazotazamana zimekatwa kuingia ndani. Weka ncha ya penseli ndani ya mkato wa moja, vuta mstari ukutani hadi buruji ya pili. Fanya hivyo upande wa pili. Mistari yako imepishana mbele ya ukuta wote, siyo? Huo ndio ujanja. Mzinga uliomo ndani ya mkato hauonekani na aliye mbele, lakini unamwona kila atakayeweka ngazi.

Kisha nenda ukajaribu kwa mwili. Shuka kwenye handaki upande wa bara, egemeza mgongo ukutani. Jiwe la matumbawe ni la moto mpaka saa kumi jioni, na lina mikwaruzo, usivae shati unalolipenda. Simama hapo, tazama kushoto: buruji inakuona. Tazama kulia: buruji inakuona. Sogea hatua 10, ni vile vile. Mjukuu wangu alijaribu kila mahali pa kujificha, mwisho akasema, "Babu, hapa hata paka hapiti." Nikamwambia aandike hayo pembeni mwa karatasi, maana hakuna maelezo bora.

Lango nalo lisome hivyo hivyo. Liko upande wa mji, kwenye kivuli cha S. Matias, yaani buruji imelikumbatia. Anayetaka kulipiga lango kwanza apite mbele ya mizinga yake.

Upande wa bahari utaona sehemu iliyotokeza katikati ya buruji mbili, na njia ya matao iliyochongwa ndani ya mwamba kuteremkia huko. Kwenye mchoro ni vimistari viwili tu, rahisi kuvipita. Usivipite. Wakati Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi 13 Desemba 1698, bara yote ilikuwa imefungwa, na pumzi iliyobaki ilikuwa ya baharini.

Tarakimu za majini

Tarakimu zilizotawanyika baharini kwenye ramani za Owen na wenzake ni pima. Baharia alitupa bildi, akasoma kamba, akaita. Chini ya bildi walipaka shahamu ili inase kilichoko huko chini, ndiyo maana pembeni mwa tarakimu kuna herufi ndogo: s mchanga, m tope. Mvuvi yeyote wa hapa atakwambia hilo ndilo la maana zaidi, kwa sababu nanga haishiki kwa kina, hushika kwa tope.

Fuata tarakimu kubwa kutoka baharini hadi chini ya ngome, uziunganishe kwa penseli. Umechora njia ya merikebu. Inapita chini ya mizinga karibu kabisa, na hilo halikutokea kwa bahati. Hapo hapo chini ya ngome ndipo ilipozama Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyokuja kuokoa waliozingirwa, mwaka 1697. Wazamiaji waliichimba kuanzia 1977, na vitu vyake vimo makumbusho.

Kuweka kwenye simu

Mjukuu wangu ndiye fundi wa hili. Unaingiza picha ya ramani kwenye programu ya ramani, unachagua nukta kwenye ya zamani na nukta hiyo hiyo kwenye ya leo, programu inaivuta hadi ikae. Mara ya kwanza alichagua nne, zote ncha za buruji za ngome, kwa hoja kwamba ngome haijahama. Kweli haijahama. Lakini nukta zote zikiwa mahali pamoja, kosa dogo hapo hukua ukienda mbali: digrii 2 tu, ukifika kilomita 4, ni kama mita 140. Shika ngome moja, msikiti mmoja, na ncha za mwambao wa mwamba zilizo mbali mbali. Fukwe za mchanga na mahali palipojazwa kifusi usipashike. Na ramani ya 1635 usijisumbue kuivuta kabisa. Ni picha ya jicho la ndege, ngome imekuzwa kupita kiasi, ukiilazimisha itakuchanikia.

Makupa, bamvua

Zoezi la mwisho ni la nje ya mji. Mombasa ni kisiwa, lakini zamani palikuwa na mahali ambapo mtu aliweza kuvuka kwa miguu: Makupa. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walivukia huko, mji ukaangamia. Wareno walipojenga ngome yao kwenye mlango wa bahari, walijua mgongo uko wazi, wakaweka vingome vitatu kuulinda ule mvuko. Ukisoma ramani ya kisiwa kizima na kuvipuuza vile vidude vitatu kwenye kona, hukuisoma.

Nenda wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapa kwetu bamvua maji hukupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo ondoka nyumbani saa mbili. Maji mafu usiende, hutaona kitu. Tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua ni zaidi ya mita 3, na ndiyo inayokuonyesha mahali ambapo mtu wa 1589 angetia mguu. Usipige picha ovyo karibu na walinzi, na ukiona kigae kiache kilipo. Sheria ya urithi wa taifa inakataza, na kigae kikitoka mahali pake hakina la kusema.

Mimi na mjukuu wangu tulikwenda mwaka jana. Kwa muda mrefu barabara ilipita juu ya tuta la kifusi lililouziba mkondo, hadi lilipojengwa daraja mwaka 2022 maji yakaanza kupita tena. Tulisimama pembeni, malori yakitikisa ardhi, mimi na karatasi, yeye na simu. Nukta ya kingome cha kwanza ikaangukia majini. Ya pili, penye kontena. Ya tatu akaisogelea, akasimama kwenye nyasi, akatazama chini.

"Babu, hapa hapana kitu."

"Maji yakoje?"

"Yamekupwa. Saa tano kasorobo."

"Basi andika."

Akaandika nyuma ya karatasi, kwa penseli: kingome cha tatu, hakijaonekana, bamvua, maji yamekupwa, saa tano kasorobo. Chini yake akatia tarehe na hesabu ya hatua kutoka kwenye nguzo ya daraja, 141 kwa kila mita 100.